Pipa Nyuma ya Bafu

Wenzangu huota magari. Mimi naota nyumba ya kioo. Nimeingia humo mara moja tu, siku niliyopelekwa kituo cha utafiti kuonyeshwa kazi: nyumba nzima ya vioo, ndani kuna joto kama jikoni, miche imejipanga kwa mistari kama watoto wa shule wakiimba wimbo wa taifa, na wadudu wamewekwa kwenye vizimba vya neti, wanalishwa. Wanalishwa, jamani! Nilirudi kwetu Shauri Moyo, Nairobi, nikitembea kwa miguu na sikumbuki hata nilivyovuka barabara.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama ambazo mama alizitaja kanisani kwa sauti ya chini. Siku za Jumamosi nilikuwa na kibarua soko la Gikomba, kufungua marobota ya mitumba na kukunja mashati. Siku nyingine nilikuwa mtu wa kukaa mlangoni na kuwaza. Ndipo akaja mtafiti. Alikuwa mama wa makamo, mpole, viatu vimejaa vumbi kama vyetu, akitafuta mitaa ambayo watu wanapanda mboga kwenye magunia. Kwetu alipata alichokitafuta. Nyumba zetu ni za zamani za kaunsili, chumba kimoja kimoja, na mbele ya kila mlango wa safu yetu pamesimama magunia ya sukuma wiki, mawe yamepangwa katikati ili maji yafike chini. Shamba hatuna. Tuna magunia.

Tatizo letu lilikuwa vidukari. Vitabuni wanaitwa hivyo. Kwetu ni chawa wa sukuma. Wanajibandika chini ya jani, wanafyonza, jani linajikunja kama ngumi, halafu linanata na kushika weusi kama masizi ya sufuria. Wakati wa jua kali, mfereji wetu wa bomba ukikaa kavu siku kadhaa na mboga zikawa na kiu, ndipo wanaongezeka kama wamealikwa. Mtafiti alikuwa na dawa iliyotengenezwa kwa kuvu, aina ya ukungu unaomshika mdudu na kumuua bila kumdhuru anayekula mboga. Alitaka kujua kama itafanya kazi kwenye magunia yetu, na maji yetu ya kubahatisha. Akauliza kama kuna kijana mwenye simu, asiyeona kinyaa kwa wadudu. Mama alinisukuma mgongoni hadi nikajikwaa.

"Huyu," akasema. "Huyu hata buibui hamuui. Anamtoa nje kwa kikombe."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa msaidizi wa utafiti.

Mpango ulikuwa rahisi. Kila Alhamisi gari la kituo lililetea kila nyumba jerikeni dogo. Nyumba nyingine zilipata la kifuniko chekundu, nyingine la buluu. Rangi moja ilikuwa na dawa, nyingine ilikuwa maji na mafuta kidogo tu, bila kuvu, na ni mtafiti peke yake aliyejua ipi ni ipi. Watu wangenyunyiza Jumamosi asubuhi. Mimi ningepita Jumanne na lenzi, nihesabu chawa kwenye majani na kumtumia hesabu kwa simu. Nilisimama mbele ya akina mama nikawaeleza kwa madaha, mikono ikiruka kama ya mhubiri. Kila mtu atumie yake. Tusiazimane. Tukilinganisha magunia yaliyonyunyiziwa dawa na yasiyonyunyiziwa, ndipo tutajua kama ni dawa iliyofanya kazi au ni mvua tu.

"Sawa, daktari," wakasema kwa pamoja, na kucheka. Tangu siku hiyo jina likawa hilo. "Niaje, daktari!" hata watoto wa pale mferejini.

Ukweli ni kwamba wale chawa niliwahurumia. Ukimtazama mmoja kwa lenzi unaona mwili wake unapitisha mwanga, na mtoto akizaliwa anatangulia kwa miguu ya nyuma, na kabla hujapepesa macho keshaanza kutembea. Sisimizi wadogo weusi wanawachunga kama wachungaji wa ng'ombe, wanawapapasa mgongoni wapate utamu. Nilimwambia mtafiti kwamba nawaonea huruma. Hakunicheka. Alisema, "Waonee huruma, lakini wahesabu."

Halafu akaongeza jambo ambalo lilinikosesha usingizi kwa raha. Kituoni wangehitaji mtu wa mkono kwenye nyumba ya kioo, na anayefanya kazi humo hulipiwa masomo ya cheti. Kama majaribio ya mtaa wetu yangeenda vizuri, angenitaja mimi. Nilimwambia mama. Mama akawaambia kwaya. Jumapili hiyo watu walinishika mkono kama bwana harusi.

Wiki za kwanza zilikwenda vizuri kupita kiasi. Magunia yetu, yenye kifuniko chekundu, yalianza kusafika. Chawa walikauka majanini, wengine wameota manyoya meupe ya ukungu. Lakini mlango uliotazamana na wetu ulikuwa na kifuniko cha buluu. Hapo anakaa mjane mmoja ambaye kwao ni magharibi. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa reli. Yeye na mama yangu wamezoeana kuliko madada. Magunia yake ni mengi kuliko ya wote kwa sababu mboga zake haziishii jikoni. Anazikata, anazifunga mafungu na kuziuza getini jioni. Na mboga zake zilikuwa zinakufa.

"Daktari," aliniita Jumanne moja, mikono kiunoni. "Hii yangu mlichota mto wa Nairobi?"

"Sijui, mama. Hakuna anayejua ila madam."

"Wewe hujui? Jicho unalo?" Aligeuza jani, likawa jeusi kwa chawa. "Geuka basi uangalie ya mamako. Angalia vizuri, usione haya."

Niliona haya. Nilihesabu chawa wake nikiwa nimeinamisha kichwa, na vidole vilikuwa vinanata. Siku hizo jioni hakuja kwetu kunywa chai kama kawaida yake. Mama alikuwa anaiweka birika, anatazama mlango wa mjane, anaitoa.

Kisha, taratibu, mambo yakabadilika. Jumanne moja nilikuta chawa wa mjane wamepungua. Nikafurahi. Jumanne iliyofuata nikakuta wetu wameongezeka. Nikaenda nyumba hadi nyumba: nyekundu na buluu zimekuwa sawa. Si safi, si mbovu. Vuguvugu. Mjane alianza tena kuja kunywa chai, na akina mama walikuwa na furaha, waliniambia, "Daktari, sasa mambo ni sawa, si ndiyo?" Nami nikasema ndiyo, huku akili imeruka mbali.

Maana nilikuwa nimepata wazo. Nilisoma kwenye simu kuhusu usugu: kwamba wadudu wakipigwa dawa moja kwa muda mrefu, wale wachache wanaostahimili huzaa wengine kama wao, na dawa inakosa nguvu. Nikaona ndio hawa! Chawa wa Shauri Moyo wamekuwa sugu kwa kuvu! Nilimpigia mtafiti nikiwa nimesimama juu ya tofali ili mtandao ushike, nikamweleza kwa pumzi moja.

"Ni mapema mno kwa usugu," akasema. "Lakini jambo lipo. Nitakuja niangalie. Wakubwa wangu wawili watakuwa nami, na siku yao ya nafasi ni Jumamosi."

Nikaomba ruhusa Gikomba. Nikanyoosha shati. Nikafanya mazoezi ya kusema "usugu" mbele ya kioo cha kunyolea, mama akiniangalia huku akitabasamu.

"Hilo neno ni zuri," akasema. "Maana yake nini?"

"Kwamba chawa wamekataa kufa, mama."

"Maskini," akasema. Sikujua anamwonea huruma nani.

Wageni walifika asubuhi, mtafiti na mabwana wawili wenye kofia za jua. Niliwapitisha kwenye safu nzima. Niliwapa lenzi. Nilizungumza jinsi ambavyo sijawahi kuzungumza maishani. Nilieleza hali ya mimea kukosa maji, nikaeleza vizazi vya wadudu, na nilipofika kwenye usugu nilipandisha sauti kidogo. Bwana mmoja alinitazama kwa makini akauliza nimesomea wapi. Nikamjibu, na moyo ukafura kama mandazi mafutani.

Ndipo tukasikia wimbo. Ulitoka nyuma ya bafu la safu yetu, wimbo wa kanisa, na mdundo wa mti kwenye plastiki.

"Kuna ibada?" akauliza mtafiti.

"Labda wanafua," nikasema. Kwa kweli sikujua. Jumamosi asubuhi sikuwa mtu wa kuwepo nyumbani. Jumamosi ni Gikomba.

Tulizunguka bafu. Akina mama wote wa safu walikuwepo. Katikati yao lilikuwa pipa la plastiki, lile tunalotumia kwa maji ya harusi na matanga, limesuguliwa likang'aa. Majerikeni yalikuwa yamepangwa ukutani, vifuniko vyekundu huku na vya buluu kule, yote matupu. Mama yangu alikuwa ameshika mwiko wa kusongea ugali wa watu wengi, anakoroga. Mjane alikuwa na kikombe cha chai, anachota na kumimina kwenye chupa moja baada ya nyingine, ananyanyua kila chupa machoni ili zote ziwe sawa.

Waliponiona walishangilia. "Karibu, daktari! Karibuni wageni! Tuko tu kwa kazi yenu."

Hakuna aliyeficha kitu. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi: hakuna hata mmoja aliyefikiri kuna la kuficha. Walifanya kama wanavyofanya kwa kila kinachoingia mtaani, sukari ya msaada, maji ya lori, nyama ya Krismasi. Kinachanganywa, kinapimwa, kinagawanywa, ili asiwepo wa kulala akimwonea jirani wivu. Na mimi, mwenyeji wa hapo, niliyelelewa na mgao wa hilo hilo pipa, nilikuwa nimesimama kwenye magunia yao na lenzi nikitafuta usugu.

Bwana mmoja alitoa kicheko kifupi cha puani akakizuia. Mtafiti hakucheka. Aliinama akaangalia pipa.

"Mmekuwa mkifanya hivi kwa muda gani?"

"Tangu tulipoona nyekundu inaponya na buluu haiponyi," mjane akajibu. "Tukasema, hii nyekundu ienee kidogo kidogo, kila mtu apate."

"Nani alianza?"

Mama aliinua mkono wenye mwiko, maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko. Alikuwa anatabasamu. Alidhani anaulizwa ili asifiwe.

"Ni mimi, madam. Nisingeweza kunyunyiza yangu huyu mwenzangu akiniangalia. Tunakaa mlango kwa mlango."

Hapo ndipo aliponitazama, nifurahi naye. Na sijui uso wangu ulikuwaje. Najua ulivyokuwa ndani: moto kuanzia shingoni hadi masikioni, natamani lile pipa linimeze, natamani yule mwanamke mwenye mwiko na leso iliyofifia awe mama wa mtu mwingine kwa dakika moja tu. Na mama amenisoma tangu nikiwa sijaota meno. Niliona tabasamu lake likitoka usoni, na mkono ukishuka taratibu, na mwiko ukijificha nyuma ya sketi.

Kisha akafanya lile ambalo hadi leo nikilikumbuka nafumba macho. Aliweka mwiko chini, akamwendea mtafiti, akamshika mkono kwa mikono yake miwili yenye maji.

"Madam, mtoto hakujua. Yeye Jumamosi yuko kazini. Usimwondoe. Kama ni kukata, nikate mimi kwa hesabu, magunia yangu nitayang'oa leo."

"Kata yangu," mjane akadakia. "Ni yangu yaliyokuwa yanakufa."

"Hata yangu." "Na yangu pia." Wote sasa, sauti juu ya sauti, wakijitolea kukatwa, na wale mabwana wakitazama saa zao. Nilitaka kumwambia mama anyamaze. Nilitaka pia kumfunika kwa koti.

Mtafiti alikaa kwenye tofali. Aliwaeleza polepole, bila hasira. Hakuna wa kukatwa. Lakini kazi ya wiki hizo zote haiwezi kuhesabiwa, kwa sababu wote walipata dawa nyepesi na hakuna aliyekosa. Na tusipojua kwa hakika, kesho mtu atauziwa dawa kwa pesa ya chakula cha watoto, ainyunyize, na isimsaidie. Itabidi kuanza upya, na safari hii wale wa maji matupu wabaki na maji matupu mpaka mwisho.

Mama ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo, akiangalia chini.

"Na huyo wa maji matupu, madam, msimu mzima atakula nini?"

Mtafiti aliinuka kwenye tofali. "Sina jibu zuri," akasema. "Mkilipata, mwambieni kijana wenu anipigie."

Alipokuwa anaondoka alinivuta kando. Aliniambia nafasi ya nyumba ya kioo haiwezi kungoja msimu mwingine. Ingekwenda kwa msichana wa Komarock, ambaye hesabu za mtaa wao zilitoka safi. Kuhusu usugu hakusema lolote. Huruma yake hiyo ilinichoma kuliko kama angenicheka.

Mchana ule mama alikaa mlangoni akichagua mahindi yaliyokobolewa ya muthokoi kwenye ungo. Nilikaa karibu naye. Mafundi wa Gikomba walikuwa wanagonga mabati, ngo, ngo, ngo.

"Nilikuaibisha," akasema.

"Hapana, mama."

Nilijibu haraka mno. Alitupa punje mbovu.

"Uso wako ulikuwa umeshasema. Si neno. Mimi pia niliwahi kumwonea haya mama yangu, alipokuja shule bila viatu. Lakini ungeniambia ile buluu kazi yake ni nini. Mimi nilidhani wamekosea. Nilidhani ni watu wamesahaulika."

Kumbe hapo ndipo nilipoanguka. Niliwaambia wasichanganye, nikarusha mikono, nikawaambia watumie yao. Sikuwahi kukaa na mjane nikamwambia: wewe ndiwe unayebeba mzigo, mboga zako zinaliwa na chawa ili tujue. Niliona haya kumwambia, nikajificha nyuma ya "sijui".

Jumapili watu wa kanisa walinipongeza kwa kazi ya kituoni. Habari mbaya hazikuwa zimefika. Ilinibidi niwaambie mmoja mmoja, hapo nje, vikombe vya chai mkononi, kwamba siendi tena. "Kwani ulifanya nini?" wakauliza, na mama amesimama pembeni, anakunja na kukunjua leso. Nikasema hesabu haikukubali. Mzee mmoja akaniambia pole, hesabu hata yeye ilimshinda.

Jioni yake nilibisha mlango uliotazamana na wetu. Mjane alikuwa anafunga mafungu kwa nyuzi za migomba.

"Daktari. Umekuja kunihesabu au kunisalimia?"

"Kukuomba jambo, mama. Ni jambo la aibu."

"Aibu haijazi tumbo. Kaa."

Nikamweleza yote, nikitazama vidole vyake badala ya macho yake. Kwamba tukianza upya, kura itapigwa, na huenda buluu ikamwangukia tena. Kwamba asichote kwa mtu, na mtu asimchotee. Kisha nikatoa wazo ambalo nililitafuna tangu kanisani: dawa tusigawane, tugawane mboga. Kila Jumanne, nikishahesabu, wenye mboga safi wamkatie mwenye chawa, mafungu ya kula na mafungu ya kuuza, vile vile walivyokuwa wakigawa pipa. Ni kama chama cha akina mama: wote wanachanga, mmoja anapokea.

Alifunga fungu, akalipiga gotini. "Na nikinyimwa?"

"Mama atakukatia ya kwetu yote."

"Hiyo najua. Si wewe wa kuniambia." Akanitazama sana. "Jana ulimwonea haya mamako, mbele ya wale wa kofia."

Machozi yalinitoka, si mengi. Akanisukumia kikombe cha chai, akajifanya anatafuta uzi.

"Mpigie madam wako," akasema.

Mtafiti alipolisikia wazo kwenye simu aliuliza maswali mengi, kisha akasema tujaribu. Kura ikapigwa hapo mferejini. Mjane alitoa kifuniko cha buluu, akakinyanyua juu kama kombe, safu nzima ikapasuka kwa kicheko. Mama akatoa chekundu tena.

Sasa ni katikati ya msimu. Sijui tutapata nini. Si mimi wa kujua. Jumanne iliyopita nilikuwa kwenye magunia ya mjane, na jani moja lilikuwa bovu kabisa, chawa juu ya chawa, sisimizi wakipanda na kushuka. Dirishani pake kulikuwa na mafungu ambayo mama alikuwa ametoka kuyaleta, mabichi, yana maji bado. Nilitazama lile jani lake, nikatazama yale mafungu, na lile joto la shingoni likapanda tena. Bila kufikiri nikanyoosha kidole gumba niwafute wale chawa, angalau jani moja.

Mjane akanichapa mkono kwa kamba ya mgomba.

"Wewe! Acha hao," akasema. "Hao ni wa kuhesabiwa."

Nikawahesabu.